Amana ya Saa: Tumkabidhi Nani?

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea kuzungumzia mambo ya roho, zikishughulika na saa ya mkononi. Naomba univumilie. Swali kubwa aghalabu huingia nyumbani kwa mlango mdogo. Swali lililonijia mimi lilikuwa hili: saa ya marehemu baba yangu imesimama, je, ipelekwe kwa fundi gani? Nilidhani ni jambo la kuamuliwa kwa kikombe kimoja cha chai. Lilinichukua miezi saba, na katika miezi hiyo nilijifunza juu ya amana somo ambalo sikuwa nimelijua sawasawa, ingawa kazi yangu ni kuwafundisha vijana elimu ya dini katika chuo kilicho nchi ya mbali.

Kwetu ni Jipe, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya Milima ya Upare ya kaskazini. Kwa mpango wa serikali tuko wilaya ya Mwanga, lakini wazee wetu waliihesabu Mwanga na Same kuwa nchi moja ya Upare, kama zilivyokuwa wilaya moja zamani. Ziwa lenyewe ni dogo, kina chake ni kifupi, na matete yamelizonga sana. Mto Lumi huliletea maji kutoka Kilimanjaro, na Mto Ruvu huyatoa kuyapeleka Nyumba ya Mungu. Mpaka wa Tanzania na Kenya wapita katika maji hayo, hata mvuvi wa upande huu huweza kumwona mwenzake wa upande ule akivua.

Marehemu baba alikuwa mvuvi, na tena alikuwa muadhini wa msikiti wetu mdogo. Mwaka 1976 alivuka ziwa kwa mtumbwi, akaenda Taveta, na huko akanunua saa ya Uswisi ya kujaza kwa mkono, kwa fedha aliyoiweka akiba misimu mitatu. Hakuinunua kwa kujipamba. Yeyote akaaye chini ya mlima ule ajua kwamba jua hujificha nyuma ya vilele kabla halijatua kwa kweli. Kivuli hukifunika kijiji ilhali maji ya ng'ambo bado yang'aa. Katika mwezi wa Ramadhani mwenye njaa huweza kudanganywa na mlima, akala kabla ya wakati. Basi baba aliirekebisha saa yake kila siku kwa mlio wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na watu walifungua saumu kwa neno lake. Kijiji kizima kiliitegemea saa moja iliyokuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Februari 1977 mpaka ulifungwa, na mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa miaka hiyo yote saa haikuweza kurudi kwa aliyeiuza. Hapo ndipo baba alipokutana kwanza na swali letu la leo, naye alilijibu kwa kumtafuta fundi mjini Same, mtu mpole asiye na maneno mengi, ambaye aliihudumia saa ile hadi yeye mwenyewe alipofariki. Katika miaka hiyo siku moja kiboko aliutikisa mtumbwi wa baba, mkono wake ukagonga ukingo, na ubavuni mwa saa pakabaki kovu refu kama ukucha. Sisi watoto tuliijua saa kwa kovu hilo.

Sasa, ndugu msomaji, nitakueleza jambo ambalo sijivunii. Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi mjini. Fundi wa Same alikuwa amekwisha kufa, na baba akanikabidhi saa niitafutie mtu wa kuisafisha. Pale nilipokuwa nikisali palikuwa na ndugu mmoja, mtu wa ibada, mwenye kuwahi safu ya mbele, naye alikuwa akitengeneza saa. Sikumwuliza lolote juu ya kazi yake. Nilijiambia: huyu ni mwenzetu, anamcha Mungu, yatosha. Hakuniibia, wala sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila hakuijua kazi. Saa ilirudi ikiwa na skrubu iliyolika kichwa, na mshale wa sekunde haukuwa wa saa ile. Ule wa asili ulivunjika mikononi mwake, akapachika wa saa nyingine.

Niliiona tofauti hiyo papo hapo, na sikusema kitu. Nilipomrudishia baba saa yake aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Mshale huu ni wake?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, ni wake." Akaivaa. Hakuuliza tena mpaka alipofariki miaka kumi na miwili baadaye.

Basi saa ilipoanza kuchelewa dakika ishirini kwa siku, kisha ikasimama kabisa, mama alituita. Tulikutana nyumbani Jipe wakati wa likizo yangu, na kila mmoja alikuwa na rai yake. Kaka yetu mkubwa alisema: kuna kijana stendi atengenezaye simu na saa, yu karibu, na gharama yake ni ndogo. Dada yetu, ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, alisema: irudi kwa walioitengeneza huko Ulaya, wao ndio waijuao, na mwalimu ataipeleka kwa kuwa anasafiri. Macho yakanigeukia mimi. Nilikuwa tayari kusema kwamba katika mji ninaofundisha yuko ndugu mmoja katika imani aliye fundi saa. Ulimi ukanikataa. Nilijikumbuka mwaka 2003.

Tuzipime rai hizi tatu kwa utaratibu, kwa maana nadhani kila mtu mwenye kitu cha thamani huzijia hizohizo: ukaribu, undugu na ukubwa.

Kwanza yafaa tufahamu kinachotengenezwa. Saa ya kujaza huendeshwa na kamani, yaani ukanda mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikasha. Kamani hujikunjua polepole na kusukuma magurudumu ya meno. Na gurudumu la mizani, lizungukalo kwenda na kurudi, huizuia nguvu hiyo isitoke yote mara moja. Saa nyingi za zamani hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, maana yake mapigo 432,000 kwa siku. Ncha za mihimili ya magurudumu hayo ni nyembamba mno, nazo hukaa katika vijiwe vilivyotiwa tone dogo la mafuta. Kadiri miaka ipitavyo mafuta huganda, vumbi huingia, na chuma huanza kusaga chuma. Tena saa ya mvuvi ina adui wa zaidi: unyevu upenyao mahali pa kujazia, ukaleta kutu. Kwa hiyo kuihudumia saa ni kuifungua yote, kuosha kila kipande, kuangalia kilicholika, kutia mafuta mahali panapostahili na si pengine, na kuijenga upya. Mkono usiojua huweza kuua kwa tone moja la mafuta lililozidi.

Zamani mikono ijuayo ilikuwa mingi. Karibu kila mji wetu ulikuwa na fundi saa mwenye meza yake ndogo barazani. Siku ya 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi ya kwanza iendeshwayo kwa betri na jiwe la kwatsi, na katika miaka ya 1970 na 1980 saa za namna hiyo zilishuka bei hata ikawa rahisi kununua mpya kuliko kutengeneza. Uswisi kwenyewe maelfu walipoteza kazi. Kisha zikaja simu za mkononi, na vijana wetu hawana haja ya saa kujua wakati. Meza za barazani zikapungua. Waliobaki wengi hubadilisha betri na mikanda, na hilo si kosa lao. Mtu hujifunza kazi impayo chakula.

Basi rai ya kaka, yaani ukaribu, ina haki yake. Fundi wa karibu unaweza kumrudia. Waweza kumwona akifanya kazi. Na fedha hubaki kwa watu wetu. Lakini ukaribu wampunguzia mwenye mali safari tu, haumwongezei fundi ujuzi. Wahenga walisema rahisi yavunja upishi. Nilimwendea kijana wa stendi, nikamwuliza kwa adabu kama amewahi kufungua saa ya kujaza. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ni hizihizi, tunajaribu." Namshukuru kwa ukweli wake. Kujaribu ni njia ya kujifunza, ila mtu hujaribu kwa kitu chake au kwa ruhusa ya mwenye kitu.

Rai ya pili, ya undugu, ndiyo iliyo karibu zaidi na nyoyo za wasomaji wa kurasa hizi, kwa hiyo naomba tuikabili bila kujibembeleza. Sisi watu wa dini tuna desturi ya kumwuliza mtu, "Ni mwenzetu?" na tukijibiwa ndiyo, hatuulizi la pili. Hivi sivyo tulivyofundishwa. Kurani Tukufu yatusimulia habari za Nabii Musa kule Madiani, jinsi binti yule alivyomshauri baba yake amwajiri Musa. Alitaja sifa mbili, si moja: nguvu ya kuiweza kazi, na uaminifu. Na Nabii Yusufu alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri alijitaja kwa sifa mbili vilevile: kwamba yu mlinzi mwema, na kwamba yu mjuzi. Uaminifu bila ujuzi ni kama mtumbwi usio na kafi. Ujuzi bila uaminifu ni kafi mkononi mwa mwizi. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba ajitiaye kutibu watu bila kujulikana kuwa ana elimu ya uganga, hubeba dhamana ya madhara atakayoleta. Hapo hakuulizwa kama mtu huyo alikuwa na nia njema.

Nami nakiri kwamba kosa la 2003 lilikuwa langu kuliko la yule ndugu. Nilitumia ibada yake kunipunguzia kazi ya kuuliza. Nilijidai kwamba namheshimu, na kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa mvivu. Kumpa mtu kazi asiyoiweza ni kumdhulumu hata yeye, kwa maana unamtia katika mtihani ambao hakuuomba.

Ikabaki rai ya dada: ukubwa. Nilipeleka picha za saa kwa watengenezaji, na jina lao sitalitaja, kwa kuwa sina ugomvi nao. Walijibu kwa heshima na kwa haraka. Walisema watabadilisha mashine sehemu zote zilizolika, watabadilisha uso wa saa kwa kuwa umepauka, watabadilisha mishale yote, kioo na mahali pa kujazia, watalisugua na kuling'arisha kasha mpaka lionekane jipya, na kuihakikishia isiingize maji. Vipande vya zamani havitarudishwa. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko bei ya saa yenyewe, lakini tungeweza kuchanga.

Nilimsomea mama barua hiyo kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Ikirudi, nitaijua?"

Ndugu msomaji, wanafalsafa wameandika vitabu juu ya swali hilo. Wayunani wa kale walijadili merikebu ambayo mbao zake zote zimebadilishwa moja baada ya moja, wakauliza kama bado ni ileile. Kwetu Upare hapana haja ya merikebu. Katika Ugweno, juu ya milima ileile inayotuficha jua, ukoo wa Washana ulisifika tangu kale kwa uhunzi, na majembe na silaha za Upare zilinunuliwa hata na Wachaga. Jembe la namna hiyo likivunjika mpini, mwenyewe alitia mpini mpya. Na chuma kikiisha, kilirudishwa kwa mhunzi. Hakuna mkulima aliyelia kwamba jembe lake limekufa. Kwa nini? Kwa sababu jembe ni jembe kwa kazi yake. Likilima, liko.

Lakini vipo vitu tulivyonavyo kwa ajili ya kumbukumbu, na hivyo huwa vyenyewe kwa sababu ya alama zake. Ukiiondolea barua ya marehemu makosa yake ya mwandiko, hukuitengeneza, umeifuta. Saa ya baba ilikuwa na asili zote mbili. Ilikuwa chombo cha kazi, maana ilimwamuru mtu lini ale na lini asali. Na ilikuwa kumbukumbu. Basi kabla ya kuuliza iende wapi, yatupasa kuuliza: nataka kirudi nini? Lau ingekuwa saa ya dada yangu, ahesabuye kwayo mapigo ya moyo ya wagonjwa, ningeipeleka kwa watengenezaji kesho yake, wala nisingesikitikia kipande hata kimoja. Hao hawadanganyi, husema watakachofanya na hukifanya. Ila kitu walichokuwa tayari kurudisha hakikuwa kitu alichokuwa akikisubiri mama.

Tena haifai kudhani kwamba mwenye jina kubwa hushika funguo zote kwa haki tu. Mwaka 2004 mafundi wa Ulaya wajitegemeao walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya kwamba kampuni za Uswisi zitengenezazo saa za fahari zinakataa kuwauzia vipuri. Shauri lilikwenda na kurudi, na mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliwaacha bila walichokitaka. Sisemi mahakama ilikosea katika sheria. Nasema tu kwamba fundi aliyenyimwa kipuri si lazima awe fundi aliyepungukiwa na ujuzi. Na sisi tukiwaacha wote wa namna hiyo, siku moja hatutakuwa na wa kumwendea ila mmoja, naye atataja bei apendayo.

Katika kutafuta kwangu nilinufaika na habari moja ya Uingereza. John Harrison, mtoto wa seremala, alitumia maisha yake kutengeneza saa za kuwaongoza mabaharia. Ya nne ilimalizika mwaka 1759, na katika safari ya Jamaica ya 1761 hadi 1762 ilithibitisha kwamba saa yaweza kushika wakati juu ya bahari. Mwaka 1766 wakubwa wa serikali walipozichukua zile kubwa za mwanzo kutoka nyumbani kwake, ya kwanza iliangushwa. Baadaye zikaachwa zikapata kutu. Mwaka 1920 ofisa mmoja wa jeshi la maji, Rupert Gould, aliziona, akaomba ruhusa ya kuzisafisha, bila malipo. Kazi hiyo, pamoja na mapumziko ya maradhi na matatizo yake, ilimchukua mpaka mwaka 1933. Hakuwa na cheti cha ufundi saa. Alikuwa amezisoma saa hizo kuliko mtu yeyote wa zama zake, alikwenda polepole, na aliandika daftarini kila alichokifungua na kila alichokifanya, ili ajaye baada yake ajue. Tazama tofauti: waliokuwa na mamlaka waliangusha; aliyekuwa na daftari alifufua.

Kwa habari hiyo nilijiwekea maswali manne, nami nakuachia uyatumie upendavyo. Je, fundi huyu huandika na kuonyesha hali ya kitu kabla hajakigusa? Je, hueleza atakachofanya na atakachoacha, akangoja ruhusa? Je, hurudisha vipande vya zamani pamoja na vipya? Na la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: je, yuko tayari kusema, "hili siliwezi"?

Swali la nne ndilo lililonipa jibu. Mjini Moshi nilimkuta mzee mmoja mwenye meza barazani. Aliifungua saa mbele yangu, akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, kusafisha naweza. Lakini mhimili wa gurudumu la mizani umekatika ncha, na macho yangu haya hayaiwezi tena kazi hiyo. Nikikubali nitakuharibia." Akaifunga. Akakataa hata fedha ya kuifungua. Akaniandikia jina la fundi aliyewahi kufanya kazi pamoja naye, sasa yuko Dar es Salaam. Ndugu msomaji, nilimwamini mtu huyo kwa sababu alinifukuza. Na kwa kuwa nilimwamini yeye, nilikuwa na sababu ya kumwamini aliyemtaja.

Fundi wa Dar es Salaam alipiga picha kila upande wa saa, akaandika orodha, akaniuliza, "Imewahi kuingia maji? Imewahi kufunguliwa na mtu mwingine?" Hapo nikatambua kwamba amana ina pande mbili. Tunadai ukweli kwa fundi, nasi tunamficha kwamba kitu kilianguka, au kwamba tulikwisha kukipeleka kwa mwingine, tukiogopa bei au aibu. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya mshale wa sekunde. Alisema amekwisha kuuona. Si wa saa ile. Akasema aweza kuutafuta wa asili, lakini ataka kwanza ruhusa ya mwenye saa.

Mwenye saa alikuwa mama. Kwa hiyo ikanilazimu kurudi Jipe nikamweleza jambo nililolificha tangu mwaka 2003. Nilimwambia nilivyoikabidhi saa bila kuuliza, na nilivyomjibu baba. Mama hakunikemea. Alisema, "Baba yako alijua. Aliniambia siku ileile. Akasema, mtoto ameona haya, tumwache, atasema mwenyewe."

Siwezi kueleza uzito wa maneno hayo. Baba alikaa miaka kumi na miwili akingoja, na kila alipotazama wakati wa adhana aliuona uongo wangu ukizunguka uso wa saa mara moja kwa dakika. Nilimwuliza mama kama fundi autafute mshale wa asili. Akafikiri, akasema, "Uacheni. Huo ndio alioutazama."

Saa ilikaa Dar es Salaam miezi mitatu. Fundi aliupata mhimili katika saa iliyokufa ya aina ileile. Aliisafisha, akatia mafuta, akabadilisha kamani, akaacha uso uliopauka, akaacha kovu la ubavuni. Vipande vya zamani alivirudisha ndani ya bahasha ndogo, kila kimoja kikiwa na maandishi yake. Alituambia waziwazi kwamba saa isitiwe maji tena, na kwamba kwa umri wake hataweza kuifanya iende sawa kama mpya. Nilimlipa siku hiyohiyo, kwa kukumbuka fundisho kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Huchelewa dakika moja kwa siku, yaani dakika moja katika 1,440. Dada bado anasema tulikosea, kwamba kwa fedha ileile kuongeza kidogo tungepata saa kamili yenye dhamana. Huenda ana haki. Mama huiweka sikioni kila asubuhi baada ya kuijaza, na hajauliza tena kama ni yenyewe.

Kurani Tukufu yatuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe. Nilidhani amri hiyo yamhusu aliyepokea peke yake. Sasa naona yamhusu pia anayechagua wa kumpokeza. Kila siku twakabidhi: mtoto kwa mwalimu, mgonjwa kwa mganga, shamba kwa msimamizi, fedha ya jamaa kwa mtunza hazina, hata imani zetu kwa wahubiri, nami ni mmoja wao. Mara ngapi tumechagua kwa sababu yu karibu, au yu mwenzetu, au ana jengo kubwa, bila kuuliza kama aiweza kazi na kama atasema akishindwa? Wanafunzi wangu sasa nawaambia: mkija kuulizwa jambo msilolijua, semeni hamlijui, na mtajeni anayelijua. Hawatakuwa wamejishusha. Yule mzee wa Moshi hakunitengenezea kitu, na kwake ndiko nilikoanza kupata nilichokuwa nikikitafuta.

Nawe msomaji, kama umekabidhiwa kitu na ukakiharibu, na aliyekukabidhi bado yu hai, usingoje kama nilivyongoja mimi. Nenda ukamwambie. Pengine amekwisha kujua, na anakungoja.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu wa kuaminiwa, na atujalie kuwatambua wanaostahili kuaminiwa. Amin.